Fimbo Yenye Kusamehe: Mwongozo wa Kuchagua Weji kwa Mapigo ya Karibu na Shimo

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, na neno lao ni la haki kwa yule anayezunguka sokoni akipima mipini hali mvua za masika zinampita. Walakini hata mkulima hodari hachukui jembe la udongo mzito wa bondeni akaenda kulimia mchanga wa pwani, kwa maana anafahamu kuwa chombo na ardhi ni washirika wawili, na ushirika wao ukiharibika jasho lote huwa ni bure. Hali kadhalika mchezaji wa gofu anapoitafuta weji, ile fimbo fupi yenye uso ulioinama sana, ambayo kwayo mpira huinuliwa kutoka majanini, mchangani au ukingoni mwa grini na kutuliwa karibu na shimo. Neno weji tumelipokea kama lilivyotujia, lakini maana yake ni kabari, na anayekitazama kichwa cha fimbo hiyo kwa ubavu ataiona kweli kabari ya seremala: chembamba juu, kinene chini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchezaji wa kawaida, yule anayecheza mara moja kwa juma baada ya shughuli zake, ambaye mkono wake leo ni mwepesi na kesho ni mzito. Huyo hahitaji fimbo ya bingwa. Anahitaji fimbo yenye kusamehe, yaani ile ambayo pigo likikosewa kidogo, hasara yake nayo huwa ni kidogo. Tangu mwanzo nakuwekea kanuni moja, ambayo yote yanayofuata ni ufafanuzi wake: usiihukumu weji kwa mapigo yako mazuri, ihukumu kwa mabaya.

Kwa nini mapigo mafupi yanahitaji msamaha

Mpira uliopigwa kutoka mbali ukienda upande, aghalabu bado liko pigo la kuusahihisha. Lakini pigo la yadi 20 likiharibika, pigo zima limepotea. Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Katika pigo refu kichwa cha fimbo hupita kwa kasi kubwa, na kasi hiyo hukipenyeza hata kikigusa udongo kabla ya mpira. Katika pigo fupi mikono huenda polepole, na kichwa kikikutana na ardhi kabla ya wakati wake husimama papo hapo, kama jembe lililogonga mzizi. Ndiyo sababu mtu awezaye kuupeleka mpira yadi 200 bila taabu huaibika mbele ya shimo lililo hatua 15 tu kutoka miguuni pake.

Makosa yenyewe ni mawili, nayo ni ndugu wa tumbo moja:

- Kuchimba. Ukingo wa mbele wa fimbo huingia ardhini nyuma ya mpira, nguvu zote zikaishia kwenye udongo, na mpira ukasogea hatua mbili tatu tu.
- Kukata. Ukingo huo huo huugonga mpira tumboni, badala ya kupita chini yake, mpira ukaenda chinichini kwa kasi, ukavuka grini na kutokea upande wa pili.

La pili aghalabu huzaliwa na la kwanza. Aliyechimba mara moja huiogopa ardhi. Akija kupiga tena huinua mikono bila ya kujijua, akakata. Basi fimbo inayopunguza kuchimba hupunguza pia ile hofu inayozaa kukata, na hapo ndipo ilipo faida yake kubwa.

Fimbo husamehe kwa njia gani

*Kwa soli yake.* Soli ni upande wa chini wa kichwa, nayo imeitwa hivyo kwa mfano wa soli ya kiatu. Iweke weji sakafuni, shafti, yaani mpini wake, ikiwa wima, uitazame kwa ubavu: utaona kwamba ukingo wa mbele umeinuka kidogo, na kinachogusa sakafu ni tumbo la soli lililo nyuma yake. Pembe iliyopo kati ya sakafu na mstari unaotoka katika tumbo hilo hadi ukingo wa mbele ndiyo baunsi, nayo hupimwa kwa nyuzi. Nyuzi 4 hadi 6 huhesabiwa kuwa chache, 7 hadi 10 ni za wastani, na zaidi ya hapo ni nyingi. Baunsi ikiwa nyingi na soli ikawa pana, kichwa hukataa kuzama, huteleza juu ya ardhi kama ngalawa juu ya maji. Baunsi ikiwa chache na soli nyembamba, kichwa huingia ardhini kama jembe. Ikumbuke mifano hii miwili, ngalawa na jembe, kwani tutairudia.

Hekima hii ina historia. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 wachezaji wengi walijitoa katika banka za mchanga kwa fimbo yenye soli nyembamba iliyoitwa nibliki, nayo ilichimba. Mmarekani Gene Sarazen, ambaye mchanga ulimtesa licha ya ubingwa wake, alisimulia kwamba alipokuwa angani katika ndege pamoja na rubani Howard Hughes aliona jinsi mkia wa ndege unavyoshuka ili pua ipate kuinuka, akawaza kwamba soli ya fimbo nayo, ikishushwa kwa nyuma, itakiinua kichwa badala ya kukizamisha. Akayeyusha risasi, akaibandika chini ya fimbo yake, akaikwangua kwa tupa, akaijaribu mchangani, akairekebisha tena na tena hata ikamridhisha. Mwaka 1932 alikwenda nayo Sandwich, Uingereza, akayashinda Mashindano ya Wazi katika uwanja wa Prince's, na mwaka huo huo akayashinda na ya Marekani. Tazama basi: mtu mwenye mkono kama ule hakuona haya kuutafuta msamaha katika soli ya fimbo yake, sembuse mimi na wewe.

*Kwa mgongo wake.* Weji nyingi za mabingwa zina mgongo bapa, uzito umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso, na mpira ukikutana na ncha au kisigino cha uso huo, kichwa hupinduka mkononi na mpira hupungukiwa na mwendo. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, ni miongoni mwa walioeneza fikra ya kuuhamisha uzito kutoka katikati na kuupeleka pembezoni, ili kichwa kikigongwa pembeni kisipinduke upesi. Weji ya namna hiyo ina kishimo mgongoni, na kwa mchezaji asiyeupata mpira katikati kila mara kishimo hicho ni hisani kubwa.

*Kwa mwinamo wake.* Kadiri uso unavyoinama zaidi, mpira huenda juu zaidi lakini masafa yake hupungua, na mikono hulazimika kufanya mzunguko mkubwa zaidi kwa masafa yale yale. Mzunguko mkubwa una nafasi nyingi zaidi za kukosea. Kwa hiyo mwinamo wa kupita kiasi hauna stahamala.

*Mifuo ya usoni* haisamehi pigo bovu, lakini huushika mpira na kuyafukuza maji na majani yanayoingia kati, ili usiteleze kiholela. Tangu mwaka 2010 kanuni za R&A na USGA, wasimamizi wawili wa sheria za gofu duniani, zimeweka mipaka ya ukubwa wa mifuo na ukali wa kingo zake kwa fimbo mpya. Ukinunua weji ya zamani nawe unakusudia kuingia mashindano, muulize kwanza katibu wa klabu yako.

Hatua sita za kuchagua

Hatua ya 1: Ijue ardhi yako kabla ya kuijua fimbo

Chukua daftari, uzunguke uwanja unaouchezea mara nyingi, ujibu maswali haya matatu: udongo unaozunguka grini ni laini au mgumu? Nyasi zake ni za namna gani? Mchanga wa banka ni mwingi na laini, au ni mchache na umeshindiliwa?

Katika nyanda za juu za Kenya viwanja vingi vina nyasi za kikuyu, mmea ambao asili yake ni nyanda hizo hizo za Afrika ya Mashariki, na ambao umesafiri hata ukafika uwanja wa Riviera huko Los Angeles. Nyasi hizi zina mashina manene yanayotambaa na kufumana, huikamata shingo ya fimbo zikaigeuza, na mpira unaobingirika juu yake husimama ghafula. Hapo chagua kichwa chenye uzito wa kutosha na soli iliyo pana, na tegemea kuurusha mpira uvuke majani na kutua juu ya grini, badala ya kuubingirisha. Walakini jihadhari na uso ulioinama kupita kiasi, kwa kuwa mpira uliokaa juu ya nyasi hizo, mbali na udongo, huweza kupitiwa na fimbo chini kwa chini ukabaki karibu pale pale ulipokuwa.

Pwani mambo ni mengine. Udongo ni wa mchanga, juu ya miamba ya matumbawe, hukauka upesi, na kiangazi huwa mgumu. Tena upepo wa kusi na wa kaskazi hauachi mpira ulio juu uende utakako. Atakayecheza Mombasa, ambako uwanja wa klabu umekaa ukingoni mwa bahari, atafahamu kwa nini pigo la chini linalotua mapema na kubingirika lina salama zaidi kuliko lile la kuupandisha mpira kama kishada.

Misimu nayo usiisahau: uwanja uliopimwa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, si uwanja ule ule wa Februari. Ukiwa utanunua weji moja tu, ipimie ule msimu unaocheza zaidi. Na kabla ya kuuliza dukani, waulize makedi wa uwanja wako, ambao kila siku huyaona mapigo ya watu wengi juu ya ardhi ile ile. Maarifa yao hayauzwi katika duka lolote.

Hatua ya 2: Ujue mkono wako

Wachezaji, kwa kadiri ya namna fimbo inavyoiendea ardhi, ni makundi mawili: mchimbaji, ambaye fimbo yake hushuka kwa mteremko mkali na kung'oa kipande kirefu cha udongo, na mfagiaji, ambaye fimbo yake hupita kwa ulalo na kukwangua majani tu. Ili ujijue uko wapi, fanya hivi:

1. Katika uwanja wa mazoezi, chora mstari wa chokaa juu ya majani, au laza uzi ulionyooka kisha uuondoe baada ya kuweka alama mbili za pembeni.
2. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, upige mapigo 10 ya nusu mzunguko bila ya mpira.
3. Angalia alama za ardhini. Zikiwa nyuma ya mstari na zina kina, wewe ni mchimbaji anayewahi. Zikiwa juu ya mstari au mbele yake na zina kina, ni mchimbaji wa kawaida. Zikiwa ni mikwaruzo tu ya majani, ni mfagiaji.
4. Sasa paka uso wa fimbo poda au chaki iliyosagwa, upige mipira 10, na baada ya kila pigo tazama alama ilipo, kisha upake upya. Alama zikitawanyika hadi ncha na kisigino, mgongo wenye kishimo ni sharti kwako, si anasa.

Hatua ya 3: Hesabu nyuzi zilizomo mfukoni mwako

Sheria inakuruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, hivyo kila weji unayoongeza inachukua nafasi ya fimbo nyingine. Anza na weji ya pichi iliyokuja pamoja na seti yako. Zamani ilikuwa na nyuzi 48 au karibu nazo. Siku hizi, katika seti zilizotengenezwa kwa wachezaji wa kawaida, aghalabu ni nyuzi 43 hadi 46. Tafuta kipimo cha kweli katika maelezo ya mtengenezaji, au mpelekee fundi mwenye kipimo cha nyuzi. Kisha panga zinazofuata zikiachana kwa nyuzi 4 hadi 6:

- Pichi ikiwa nyuzi 44: chukua 50 na 56.
- Pichi ikiwa nyuzi 46: chukua 51 na 56, au 50 na 55.
- Pichi ikiwa nyuzi 48: chukua 54 peke yake, au 52 na 56.
- Fedha zikitosha weji moja tu: chukua ya mchanga yenye nyuzi 54 hadi 56, kwa kuwa ndiyo inayofaa mahali pengi zaidi.

Weji ya lobu, yenye nyuzi 60 au karibu nazo, iache mpaka zile za kwanza ziwe zimekutii.

Hatua ya 4: Oanisha ardhi, mkono na baunsi

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Anayechimba apewe ngalawa. Anayefagia juu ya ardhi ngumu asipewe ngalawa kubwa mno, kwa maana soli yenye tumbo kubwa ikiigonga ardhi ngumu hudunda, ukingo wa mbele huinuka, na mpira hukatwa.

> KISANDUKU: BAUNSI YA WEJI YA MCHANGA
>
> - *Mchimbaji, ardhi laini au mchanga mwingi:* nyuzi 12 hadi 14, soli pana.
> - *Mchimbaji, ardhi ngumu:* nyuzi 10 hadi 12, soli ya wastani iliyopunguzwa ukingo wa nyuma.
> - *Mfagiaji, ardhi laini au mchanga mwingi:* nyuzi 10 hadi 12, soli ya wastani au pana.
> - *Mfagiaji, ardhi ngumu:* nyuzi 6 hadi 8, soli ya wastani.
> - *Hujui uko wapi:* anza na nyuzi 10 hadi 12 na soli pana kiasi.

Namba iliyochorwa juu ya kichwa si yote. Soli pana yenye nyuzi 8 huweza kuteleza kuliko soli nyembamba yenye nyuzi 10, kwani upana nao huzuia kuzama. Kwa hiyo soma namba, kisha igeuze fimbo uitazame soli yenyewe. Utakuta pia soli zilizochongwa sana upande wa kisigino na wa ncha. Hizo zimekusudiwa wanaopenda kuufungua uso wa fimbo na kupiga mapigo ya namna nyingi. Ikiwa wewe hupiga kwa uso ulionyooka karibu kila mara, chukua soli kamili, isiyochongwa sana.

Hatua ya 5: Tazama shafti, urefu na mshiko

Weji iwe na shafti inayokaribiana kwa uzito na zile za fimbo nyingine za chuma ulizo nazo, au iwe nzito kidogo tu. Ukitoka katika shafti nyepesi za grafaiti ukaingia katika chuma kizito, mkono hupoteza kipimo chake, na mapigo mafupi hayana kitu kikubwa kuliko kipimo. Urefu wa weji ya mchanga kwa kawaida ni takriban inchi 35. Mtu mrefu sana au mfupi sana amwone mwalimu wa klabu ampime. Mpira wa mshiko uwe mzima na usioteleza, hususa kwa wanaocheza katika joto na unyevu wa pwani.

Hatua ya 6: Jaribu juu ya majani, uhesabu mabaya

Usijaribu weji juu ya mkeka wa dukani na kuridhika. Mkeka huificha dhambi ya kuchimba, kwa kuwa fimbo ikiugonga nyuma ya mpira huteleza tu na mpira huenda vizuri. Ardhi ya kweli haina huruma hiyo. Omba kuazimwa weji mbili au tatu, nenda nazo uwanjani, na ufanye hivi:

1. Weka mipira 10 juu ya majani mafupi, yadi 20 kutoka shimoni. Ipige yote kwa weji ya kwanza.
2. Pima kwa hatua umbali wa kila mpira kutoka shimoni, uandike.
3. Rudia kwa mipira 10 kutoka katika nyasi ndefu, na mingine 10 kutoka bankani.
4. Pumzika, kisha ufanye vivyo hivyo kwa weji ya pili, na ya tatu ikiwa ipo.
5. Katika kila kumi, ifute ile mitatu iliyokaribia shimo zaidi, uitazame ile mitatu iliyo mbali zaidi.
6. Weji ambayo mipira yake mitatu mibaya iko karibu zaidi na shimo kuliko ile ya wenzake, hiyo ndiyo yako.

Hesabu hii huonekana ngeni kwa wengi, kwani tumezoea kukumbuka pigo moja lililotua kando ya shimo na kuipenda fimbo kwa ajili yake. Lakini pigo zuri lingekuwa zuri kwa fimbo yoyote. Msamaha wa fimbo hudhihirika katika pigo baya peke yake, kama vile insafu ya rafiki inavyodhihirika siku ya taksiri na si siku ya karamu.

Ukinunua fimbo ya mtumba

Si aibu kununua weji iliyotumika, na wengi wetu tumejifunza kwa fimbo za namna hiyo. Ila mnunuzi awe na macho.

- Pitisha ukucha kwa kukata mifuo. Ukucha ukikwama kidogo katika kila mfuo, uso bado una uhai. Ukiteleza kama juu ya kioo, umekwisha, hasa katikati ya uso.
- Igeuze soli. Ikiwa imelika upande mmoja, au imekwaruzwa sana na mawe, baunsi iliyoandikwa si ile iliyobaki.
- Tazama shingo kama ina ufa au alama za kukunjwa. Fundi akiikunja shingo ili kupunguza mwinamo kwa uzi 1, baunsi nayo hupungua kwa uzi 1; fimbo iliyokunjwa kwa nyuzi 3 imekwisha kuwa fimbo nyingine.
- Zijaribu herufi na namba zilizochorwa kwa kidole na kwa macho. Maandishi hafifu, rangi inayobanduka na bei isiyo na akili ni dalili za fimbo ya bandia.
- Itikise kando ya sikio. Kitu kikicheza ndani ya kichwa au shafti, irudishe.

Makosa yanayowapata wengi

1. *Kununua fimbo ya bingwa uliyemwona akicheza.* Bingwa hufanya mazoezi kila siku na huchagua fimbo kwa uwanja wa juma lile. Wewe unachagua kwa miaka kadhaa.
2. *Kutanguliza weji ya lobu.* Inavutia machoni, lakini huadhibu kuliko zote. Mimi mwenyewe niliianza safari yangu kwa nyuzi 60, na msimu mzima ulipita kabla sijafahamu kuwa kosa halikuwa la mkono peke yake.
3. *Kudhani baunsi nyingi ni dawa ya kila kitu.* Juu ya ardhi iliyokauka hugeuka kuwa sumu.
4. *Kuchukua weji zote zenye baunsi moja.* Ukiwa na mbili, ya mchanga iwe na nyingi na ya pengo, ile iliyo kati ya pichi na ya mchanga, iwe na za wastani, ili uwe na ya ardhi laini na ya ardhi ngumu.
5. *Kuisogeza mikono mbele mno wakati wa kupiga.* Mikono ikitangulia sana, soli huinuka nyuma, ukingo huelekea chini, na ile ngalawa uliyoinunua kwa fedha zako umeigeuza jembe mwenyewe.

Baada ya kuinunua

Fimbo yenye kusamehe inaomba jambo moja tu: iachie soli yake ifanye kazi. Kwa pigo la majanini, weka mpira katikati ya miguu, uzito uegemee kidogo mguu wa mbele, shafti iwe karibu wima, na upige ukikusudia soli iyasugue majani chini ya mpira. Bankani, fungua uso kidogo, kwani kuufungua huongeza baunsi. Kisha lenga mchanga ulio takriban inchi 2 nyuma ya mpira, na upige mpaka mwisho bila ya kusita, mpira utoke juu ya mto wa mchanga. Sheria inakukataza kuugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma tu ya mpira, katika pigo la majaribio, au unapoirudisha fimbo nyuma kabla ya kupiga. Zoea basi kuishika fimbo juu ya mchanga bila ya kuugusa.

> TAHADHARI
>
> - Kabla ya kuizungusha fimbo, hata kwa majaribio, hakikisha hakuna mtu karibu nawe. Na mpira ukienda upande wa watu, piga kelele ya onyo mara moja.
> - Usinoe mifuo kwa tupa wala kwa kifaa chochote. Fimbo huweza kutoka nje ya kanuni na kukuondoa mashindanoni.
> - Ukicheza karibu na bahari, ioshe fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, isugue mifuo kwa brashi laini, uikaushe siku ile ile. Kichwa kilichopakwa kromu hustahimili hewa ya chumvi kuliko kilichoachwa chuma kitupu.

Orodha ya kwenda nayo dukani

- [ ] Nimeandika hali ya udongo, nyasi na mchanga wa uwanja wangu.
- [ ] Najua kama mimi ni mchimbaji au mfagiaji.
- [ ] Najua nyuzi za weji yangu ya pichi.
- [ ] Nimechagua mwinamo unaoachana nayo kwa nyuzi 4 hadi 6.
- [ ] Nimeitazama soli yenyewe, si namba peke yake.
- [ ] Mgongo una kishimo, ikiwa alama zangu za poda zilitawanyika.
- [ ] Shafti inafanana na za fimbo zangu nyingine.
- [ ] Nimeijaribu juu ya majani na mchanga.
- [ ] Nimepima mipira mitatu mibaya, si mitatu mizuri.
- [ ] Fimbo zangu zote, pamoja na hii, hazizidi 14.

Ukishaitimiza orodha hii, nunua na usiendelee kutafuta, usije ukawa yule mchagua jembe wa wahenga. Kaa na weji hiyo miezi kadhaa, na mwisho wa kila mchezo andika daftarini jambo moja tu: pigo lako baya kuliko yote liliishia hatua ngapi kutoka shimoni. Namba hiyo ikianza kupungua, juma baada ya juma, utajua kwamba fimbo inafanya kazi yake nawe unafanya yako.